Harusi shambani Newala: meza ndefu kati ya mistari ya mikorosho

Wageni 160. Ibada ya ndoa kanisani saa 4 asubuhi, tafrija shambani kwa baba wa bibi harusi kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 3 usiku, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Shamba liko juu ya nyanda ya Makonde, wilayani Newala. Maharusi wanaishi Dar es Salaam na walikuja na picha kwenye simu: tao la waridi jeupe, vitambaa vyepesi vinavyopepea kutoka tawi hadi tawi, mishumaa isiyohesabika, kila kitu cheupe.

Zilikuwa picha nzuri. Ila zilipigwa penye nyasi fupi, upepo mtulivu na maua yanayouzwa mtaa wa pili. Newala ya Agosti ina mchanga, ina upepo wa kusi, na waridi la karibu linatoka kaskazini mwa nchi kupitia Dar. Makadirio ya kwanza ya mpambaji yalipeleka karibu theluthi mbili za fedha kwenye maua na vitambaa, na hayakuwa na hata shilingi moja ya ardhi ambayo watu 160 wangeikanyaga kwa saa sita. Hapo ndipo harusi nyingi za shambani zinapoharibikia: shamba linachukuliwa kama ukumbi uliokosa kuta, kisha watu wanaanza kulijaza. Hesabu iliyofanya kazi mwishoni ilianza na ardhi, ikaenda kwenye kivuli, ikaenda kwenye mwanga, na mapambo yakapewa kilichobaki.

Tarehe

Upande wa bwana harusi ulitaka Novemba, kwa sababu inayoeleweka. Minada ya korosho huwa imeanza mwezi Oktoba, malipo yanaingia, na mchangaji wa kijijini ana cha kutoa. Lakini shamba la Novemba lina mabibo, yaani matunda laini ya mkorosho, chini. Mabibo yaliyoanguka huita nzi na nyuki, yakikanyagwa yanateleza, na maji yake yakigusa kitambaa cheupe huacha doa la kahawia ambalo sabuni hailitoi. Mikono yote ya kijiji iko kwenye kuokota. Mvua za Kusini nazo huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na turubai la kukodi halijawahi kushinda mvua ya kwanza ya msimu.

Juni na Julai ni kavu na baridi, na kwa wenye ufuta fedha huwa zipo. Tatizo ni salfa. Ndiyo miezi ya kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, na unga ule wa njano hubaki juu ya majani, hushuka kwa kila tawi linaloguswa, huwasha macho na kuchafua shela.

Mwisho wa Agosti ulichaguliwa kwa kuwa mkorosho huwa katika maua, mabibo bado hayajaanza kuanguka kwa wingi, na upuliziaji unaelekea ukingoni. Masharti yalikuwa mawili. Baba mwenye shamba alisimamisha kupuliza mistari husika wiki tatu kabla, na majirani wawili wa upande wa upepo waliombwa wasipulize Ijumaa na Jumamosi ile. Waliombwa na mzee mwenyewe, kwa miguu, mapema. Ujumbe wa simu kutoka kwa kamati ya Dar usingetosha. Michango ilikusanywa tangu msimu wa korosho uliotangulia, yaani miezi tisa kabla. Kamati iliyoanza vikao Mei, mifuko ikiwa mitupu, isingefika.

Sharti la mzee

Mzee alikuwa na neno moja: hakuna kukata tawi wala kufunga kitu juu ya maua. Wanakamati waliliona neno hilo kama ukaidi. Lakini shada la maua ya mkorosho ni korosho za Oktoba, na kitambaa kinachopigwa na upepo siku mbili juu ya tawi huyapukutisha yote. Sharti hilo ndilo lililoiokoa sura ya harusi hii, kwa kuwa lilifuta vitambaa vya kupepea na kumlazimisha mpambaji atazame nafasi iliyopo badala ya matawi.

Nafasi yenyewe ilikuwa hivi. Mikorosho ilipandwa mita 12 kwa 12, na kwa kuwa inapogolewa vizuri, kati ya mstari na mstari paliachwa njia ya wazi yenye upana wa mita 3.5. Meza ya upana wa sentimita 75, viti pande zote mbili, na njia ya mhudumu nyuma ya viti kila upande, vinaingia hapo bila kusukumana. Mgeni mmoja akipewa sentimita 60 za meza, watu 80 wanakaa kwenye meza ya mita 24, arobaini huku na arobaini kule. Mita 24 ni nafasi mbili za miti kamili. Kwa hiyo harusi nzima ilikaa kwenye meza mbili ndefu, kila moja katika njia yake, zikitenganishwa na mstari mmoja wa mikorosho iliyochanua. Maharusi walikaa katikati ya meza ya kwanza, upande unaotazama meza ya pili. Meza kuu ya jukwaani haikuwepo, na hakuna aliyeiulizia.

Mwelekeo wa njia ni jambo ambalo wapambaji wa ukumbini hulisahau. Zilichaguliwa njia zinazokwenda kaskazini na kusini. Ifikapo saa 9 alasiri mstari wa magharibi huwa umeshaifunika njia yote kwa kivuli, na turubai halihitajiki. Njia inayokwenda mashariki na magharibi ingeingiza jua la jioni machoni mwa nusu ya wageni mpaka linazama, na picha zote zingekuwa za watu waliokunja uso. Fedha ya maturubai mawili ilihamishwa kwenye ardhi.

Ardhi

Juu ya nyanda udongo ni wa mchanga, na Agosti huwa mkavu kabisa. Visigino vyembamba vinazama, miguu ya viti vya plastiki inazama, na vumbi linapanda kwenye pindo za magauni. Kosa la kawaida ni kulima kwa jembe ili pawe pasafi. Jembe linaufungua mchanga, na harusi inakuja kukaa juu ya kitu laini kama unga. Hapa palifyekwa wiki tatu kabla, palifagiliwa majani makavu, kisha pakaachwa pakanyagwe.

Ijumaa jioni njia zote mbili, jumla ya mita za mraba 168, zilinyunyiziwa maji kiasi cha lita 3 kwa kila mita ya mraba, zikashindiliwa kwa kipande cha gogo chenye mpini. Hiyo ni lita 500 hivi, nusu ya simtanki la lita 1,000. Nusu iliyobaki ilitengwa kwa kunawa mikono na vyombo, na simtanki la pili likaenda jikoni. Maji ya Newala si ya kuchezea. Yalinunuliwa Jumatano, siku tatu kabla, kwa sababu anayesubiri Jumamosi asubuhi hununua kwa bei ya muuzaji.

Juu ya mchanga ulioshindiliwa yalitandikwa majamvi ya miyaa, chini ya viti tu, kwa vipande vya upana wa mita 1. Kuanzia barabarani mpaka mezani palikuwa na mita 40, nazo zilitandikwa mikeka mipana iliyobanwa kwa vigingi vya mianzi kila baada ya mita 2. Mkeka usiobanwa kwenye upepo wa kusi ni mtego wa miguu ya wazee.

Majimoto na taa

Wenye mikorosho wanawajua majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Ni marafiki wa mkulima, wanamwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, hivyo kuwapulizia dawa kwa ajili ya harusi ni kumuumiza mwenye shamba. Kinachofanyika ni kukagua mti mmoja mmoja wiki moja kabla, asubuhi, na kuacha njia yenye viota. Njia ya tatu kutoka nyumbani ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sura, ikaachwa kwa sababu hiyo.

Kamba yoyote inayofungwa kutoka mti hadi mti ni daraja la majimoto. Kwa hiyo taa zilipewa nguzo zake: mianzi ya mita 3.5, sentimita 50 ndani ya ardhi, kila baada ya mita 4, saba upande huu na saba upande ule wa kila meza. Kamba ya taa ilipita kwa mshazari kutoka nguzo ya kushoto kwenda ya kulia. Mshazari mmoja ni mita 5.3, mishazari sita ni mita 32, na ukiongeza kulegea kidogo unapata mita 35 kwa kila njia. Ikikazwa sana, upepo unapoinamisha mianzi soketi zinachomoka. Ikilegea mno, mtu mrefu anayesimama kutoa nasaha anaigusa kwa kichwa.

Balbu zilikuwa za mwanga wa manjano, moja kila mita. Mwanga mweupe wa duka la simu huwapa watu rangi ya wagonjwa na huvuta wadudu wengi zaidi. Mezani iliwekwa mishumaa ndani ya glasi ndefu, kwa kuwa mshumaa wazi haudumu dakika tano kwenye kusi, na majani makavu ya mkorosho hayahitaji zaidi ya cheche moja. Ndoo nne za mchanga zilisimama mwisho wa njia. Chemli kumi zilitundikwa kwenye nguzo za njia ya kuingilia. Mezani chemli haifai, harufu ya mafuta ya taa inaingia kwenye pilau.

Jenereta liliwekwa mita 50 upande wa kaskazini-magharibi, kwa sababu kusi inatoka kusini-mashariki na moshi na kelele vinakwenda na upepo. Jiko nalo likawa upande huo huo.

Rangi, maua, na kesi ya gunia

Rangi zilitolewa kwenye mti wenyewe. Jani changa la mkorosho huwa na wekundu wa shaba, ua lake ni jeupe linalogeuka waridi iliyofifia, na jani lililokomaa ni kijani kizito. Ongeza krimu ya gunia na rangi nne zimetimia, zote zikikubaliana na kinachoonekana nyuma ya kila picha. Nyeupe tupu iliondolewa. Juu ya vumbi lile huonekana chafu ifikapo saa 10, wakati rangi ya maziwa inavumilia mpaka usiku. Ua la mkorosho pia linanukia jioni, harufu tamu ya mbali, kwa hiyo udi ulifukizwa nyumbani kwa akina mama tu.

Waridi halikufutwa kabisa, kwa kuwa bibi harusi alilipenda. Yaliagizwa mashina 120. Yalisafiri kwa basi kutoka Dar, ndani ya buti, upande wa injini, na zaidi ya thuluthi moja yalifika yameinamisha vichwa. Yaliyookoka yalifungwa gazeti, yakakatwa shina kwa mshazari ndani ya maji, yakasimamishwa kwenye ndoo ya kina kirefu kivulini usiku kucha. Yalitosha shada la mkononi na mita 3 za meza mbele ya maharusi. Safari ya namna hiyo inahitaji boksi lenye matundu, karatasi yenye unyevu kwenye mashina, na nafasi ndani ya basi, si kwenye buti, hata kama kondakta atataka nauli ya abiria.

Kilichobeba meza ni bogonvilia, ambayo wakati wa kiangazi huchanua kuliko wakati mwingine wowote. Watu huidharau kwa sababu ikikatwa inanyauka ndani ya saa mbili. Inanyauka kwa sababu majani yake ya kijani yanakunywa maji yote. Ikatwe kabla ya saa 1 asubuhi, majani yote ya kijani yapukutishwe, ncha za mashina zitumbukizwe kwenye maji yaliyochemka kwa nusu dakika, kisha zihamie kwenye ndoo ya maji ya kawaida kwa saa tatu au nne. Ikitendewa hivyo inafika usiku. Asumini iliagizwa ya vikonyo vilivyofumba, ikatungwa alasiri na akina shangazi, ikafunguka jua likizama.

Vyombo vya maua vilikuwa vyungu vidogo vya udongo, 24 kwa kila meza. Chungu kisichopakwa kitu kinavuja polepole na kulowesha kitambaa, hivyo ndani ya kila kimoja kuliwekwa chupa ya jemu. Kati ya vyungu vilisimama vinara vya mpingo, kazi ya wachongaji wa hapa hapa Umakondeni. Vinara hivyo vilifanya kazi kubwa kuliko bei yake, kwani mpingo una uzito na hauanguki kwa upepo.

Sasa gunia. Maharusi walitaka magunia ya katani yatandikwe mezani na kufungwa kwenye viti, kama kwenye picha zao. Mama mzazi alikataa. Kwake gunia ni la korosho, na kumkalisha mgeni juu yake ni kumwambia umekosa kitambaa. Vijana walimwona hajui mtindo. Ukweli ni kwamba alikuwa anajua jambo ambalo picha haikulionyesha: kwa mzee wa Kusini aliyebeba magunia maisha yake yote, hakuna mahaba yoyote ndani ya gunia. Suluhisho lilikuwa kulipunguza. Meza zilivaa kitambaa cha krimu mpaka chini, na gunia likapita katikati tu, ukanda wa sentimita 40. Kwenye viti halikuwekwa popote, jambo lililokuwa la busara hata bila mama kusema, kwa sababu nyuzi za gunia huvuta lesi na kung'ang'ania kwenye suti nyeusi.

Gunia moja jipya lililofumuliwa lilitoa kama mita 3 za ukanda, hivyo yalitumika 16. Gunia jipya lina harufu ya mafuta ya kiwandani. Yalianikwa kivulini siku nne, yakigeuzwa, na hayakufuliwa, maana yakifuliwa yanajikunja na kingo zinafumuka. Kingo zilipindwa kwa mashine, na kila mita moja kikashonewa kokoto ndani ya pindo. Kitambaa cha krimu hakikupewa kokoto, na saa 10 jioni upepo ulikipandisha juu ya sahani mara mbili. Vibanio viliagizwa, vikasahaulika mjini.

Mavazi

Gauni la bibi harusi lilikatwa likaishia sentimita 3 juu ya ardhi akiwa amevaa viatu vyake, mkia ukaondolewa, na neti ya nje ikabadilishwa kuwa krepu nzito. Neti hukamata kila kijiti shambani. Shela ndefu ilivaliwa kanisani tu. Viatu vilikuwa na kisigino kipana cha sentimita 5. Bwana harusi alivaa suti ya kahawia ya kitani badala ya nyeusi. Kitani kinakunjamana, na shambani kunjamano hilo halimkosei mtu heshima.

Usiku wa Agosti juu ya nyanda una baridi inayowashangaza watu wa Dar. Badala ya vikombe vyenye majina ya maharusi, kila mwanamke alipewa kanga moja, nusu ya doti, iliyokunjwa juu ya sahani yake. Doti 42 zilitosha wanawake 80 na akiba. Kufika saa 1 usiku karibu zote zilikuwa mabegani, na picha za wakati huo ndizo zilizopendeza kuliko zote, meza nzima ikiwa imevaa kanga ya aina moja chini ya taa za manjano. Uamuzi huu mmoja ulifanya kazi ya zawadi, ya mapambo na ya blanketi kwa bei ya kitu kimoja.

Chakula

Nusu ya wageni walikuwa Waislamu, kwa hiyo mchinjaji, jiko na vyombo vilikuwa vya halali kwa wote, na vileo vikawekwa meza ya pembeni, mbali na wazee. Kwa watu 180 pamoja na wahudumu ulipikwa mchele kilo 28 na nyama kilo 30, kuku wa kienyeji 25, kisamvu cha nazi, na ming'oko (viazi mwitu vya Kusini) ya kuchemsha na chumvi na pilipili kwa kuanzia, pamoja na korosho za kukaanga kilo 10. Madafu yaliletwa kutoka pwani, 200, na vifuu vyake vilihitaji mkokoteni wake.

Siku yenyewe

Msafara wa picha ulikwenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa nyanda, baada ya ibada. Mpiga picha alipenda mahali, akachelewa, na maharusi waliingia shambani saa 10 na nusu badala ya saa 9 na nusu. Jua la mwisho wa Agosti huku huzama saa 12 na robo hivi, na ndani ya dakika 20 ni giza. Ngoma ya sindimba iliyopangwa saa 11 ikagongana na chakula, MC akachagua ngoma, na watu wakala gizani. Taa ziliwaka kwa wakati, kwa hiyo chakula kilionekana, lakini ule mwanga laini wa saa 11 mezani, ambao mpango wote ulijengwa juu yake, ulipita bila watu kuwa wameketi. Saa moja ya Shimo la Mungu ilipaswa kuwa dakika 25, ikisimamiwa na mtu mmoja wa kamati mwenye saa na mamlaka ya kusema basi.

Kwenye meza ya pili fundi taa alipungukiwa na nguzo mbili, akafunga ncha za kamba kwenye mkorosho. Mti ule ulikaguliwa na haukuwa na kiota. Mti wa nyuma yake ulikuwa nacho, na matawi yao yaligusana. Kufika saa 12 majimoto walikuwa juu ya kamba, na wageni sita wakahamishwa. Dawa haikupigwa. Kamba ilikatwa pale ncha, ikapakwa grisi sentimita 20, na mwanzi ukachimbiwa hapo hapo. Nguzo mbili za akiba zingegharimu kidogo kuliko soda walizopewa wale sita kuombwa radhi.

Ngoma nayo ilipewa uwanja wa mita 8 kwa 8 upande wa chini wa upepo, ukanyunyiziwa maji mara mbili. Bila hivyo vumbi la sindimba lingeingia moja kwa moja kwenye sahani.

Kubomoa

Jumapili asubuhi watu wanane walimaliza kwa saa nne. Mashimo yote ya nguzo, pamoja na ya dharura, yalifukiwa na kushindiliwa, kwa sababu shimo la sentimita 50 likisahaulika humvunja mguu muokotaji wa Oktoba. Vipande vya plastiki na utepe viliokotwa kwa mkono. Vinara vya mpingo na vyungu vilibaki kwa maharusi. Magunia mawili ya akiba, ambayo hayakufumuliwa, yalirudi ghalani kwa mzee kungoja korosho, na Jumatatu alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mistari ile ikapulizwa salfa yake iliyocheleweshwa.